Anatuacha, Anarudi kwa Panya

Jumamosi ile mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Tulikuwa kwenye kibanda cha vijana hapa Nyarugusu, mvua imetoka kukatika, na yule mama wa maabara alikuwa amekuja kuaga. Wengi mnamfahamu. Tulikuwa tunamwita Daktari ingawa mwenyewe alikataa kila siku: yeye si daktari wa kutibu, ni daktari wa kusoma, amefika ngazi ya uzamivu. Miaka miwili alisimamia vipimo vyetu, malaria, makohozi ya kifua kikuu, damu ya wamama wajawazito. Zamani, kwao Uingereza, alikuwa mtafiti wa saratani ya matiti. Alichunguza jinsi ugonjwa unavyotoka kwenye titi na kwenda kuota mahali pengine mwilini. Kazi hiyo aliiacha alipozaa, halafu mama yake akaugua akawa anamuuguza, halafu miaka ikapita, mwisho akajikuta huku kwetu. Sasa amepata nafasi ya kurudi. Alitueleza hayo kwa furaha, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kupamba maneno, akaongeza kwamba miezi ya kwanza atashughulika zaidi na panya.

Msichana mmoja wa kundi langu, ana miaka kumi na saba, akasimama. Akasema, "Kwa hiyo unatuacha sisi watu, unarudi kwa panya."

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Daktari akanigeukia, anasubiri tafsiri. Nikamwambia kwa Kiingereza: anakushukuru kwa yote, anakutakia safari njema.

Nimekuwa mkalimani tangu nimalize sekondari na nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Nilijiambia ni adabu tu, mgeni haagwi kwa maneno makali. Lakini usiku nilipolala nilijua si adabu. Nilificha swali lile kwa sababu lilikuwa langu pia, na kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo sikutaka aione. Ndiyo maana naliandika hapa. Je, mtu aliye na ujuzi wa kusaidia watu walio mbele yake ana haki ya kuwaacha, aende kufanya kazi ya polepole kwa ajili ya watu ambao hatawaona kamwe?

Hasira yangu ina historia. Aliyenilea ni mama mdogo. Alivuka Ziwa Tanganyika na mimba ya mtu mwingine aliyekuwa amechoka, yaani alimshika mkono mama yangu njia nzima kutoka Fizi mpaka huku, na mama alipofariki akanichukua mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na tano alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Alifikiri ni jipu, akaweka majani, akaomba, akafunga kwa kitambaa. Karibu mwaka ukapita. Kisha mgongo ukaanza kumuuma.

Sasa niambieni nyinyi, ni mama gani hapa kambini ambaye mgongo haumuumi? Tunabeba kuni, tunabeba maji, tunabeba unga siku ya posho. Tulimwambia apumzike. Alipewa vidonge vya maumivu mara mbili. Siku aliposhindwa kunyanyuka kitandani ndipo kitambaa kikafunguliwa, na ndipo alipopelekwa hospitali nje ya kambi. Mganga wa huko hakuwa mtu mbaya. Alinitoa nje kwenye baraza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma, akasema neno moja: imesambaa. Imefika kwenye uti wa mgongo na kwenye ini. Faili likarudi nasi kambini. Hakuna rufaa nyingine, hakuna kamati itakayokubali, kwa sababu imesambaa. Aliishi wiki kumi na moja.

Hapa kambini kusambaza ni neno zuri. Sabuni inasambazwa, unga unasambazwa, vyandarua vinasambazwa, na watu wakisikia "kesho wanasambaza" wanalala wakicheka. Tangu siku ile mimi kila nikilisikia neno hilo nashtuka kwanza, kisha ndiyo naangalia ni nini kinachogawiwa.

Basi unaweza kuelewa. Mtu anayejua mambo ya titi kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga zoni yetu anapanda gari anaondoka. Nilitaka abaki. Nilitaka akae chini ya mti awafundishe wamama wajipapase, wasifunge vitambaa. Niliona hiyo ndiyo kazi, na panya ni anasa.

Hoja hiyo si ya kitoto, na nataka kuitendea haki kabla sijaigeuka. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti na watu 670,000 walikufa kwayo. Shirika hilohilo lina malengo yake: angalau wagonjwa 60 katika kila 100 wagundulike ugonjwa ukiwa bado mdogo, na vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni. Hakuna panya katika malengo hayo. Kuna mkono unaopapasa, kuna mtu anayemwamini mwenzake, kuna gari la rufaa. Mama mdogo angekuja mwaka mmoja mapema, pengine leo angekuwa ananigombeza kwa kuandika mambo ya matiti kwenye jarida.

Lakini nilipokaa na hoja yangu nikaona ina shimo katikati. Kazi ile ya chini ya mti haimhitaji Daktari. Inamhitaji mtu anayeweza kulitaja titi kwa Kibembe au Kirundi mbele ya wamama bila kuona aibu na bila kuwatia aibu. Inamhitaji mtu atakayekuwepo mwezi ujao na mwaka ujao, anayejua nani amefunga kitambaa kwa kumwangalia tu anavyotembea. Mtu huyo ni mimi. Ni wale wahudumu wa afya wa kila kijiji. Ni yule msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo. Nilikuwa nimechukua deni langu nikalibandika kwenye mgongo wa mgeni, halafu nikamkasirikia kwa kuondoka nalo.

Hiyo ni nusu ya jibu. Inaonyesha kwamba kubaki kwake kusingekuwa kile nilichofikiri. Haijaonyesha kwamba kuondoka kwake ni sawa.

Wiki ya mwisho nilikwenda maabara nikamwomba anieleze hicho anachokirudia, bila haraka. Akanianzia mbali. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokuwa wamekufa kwa saratani ya matiti. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa ule hauendi popote tu. Ini lilikuwa limepatwa mara nyingi sana, wengu mara chache, ingawa damu inafika kote kuwili. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: hutupwa kila upande, lakini huota pale tu ambapo udongo unazikubali. Sisi watu wa mihogo hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kwa saratani ya matiti udongo wenyewe ni mifupa, mapafu, ini na ubongo. Seli nyingi zinazotoka kwenye titi hufia njiani, ndani ya damu. Chache hufika. Na katika hizo zilizofika, baadhi hulala. Zinaweza kulala miaka mitano, kumi, hata ishirini baada ya mtu kuambiwa umepona, kisha zinaamka. Kwa nini zinalala, na nini kinaziamsha, ndicho alichokuwa akikitafuta kabla hajaacha.

(Niliwahi kumsikia mtu redioni akisema wakimbizi ni kansa inayosambaa. Niliizima redio. Kwa hiyo mbegu na udongo naviacha ndani ya mwili, na naomba mtu asivitoe humo kuvitumia kwa watu.)

Kilichonigusa ni wale wanawake 735. Wote walikuwa wameshakufa. Hakuna hata mmoja ambaye Paget angeweza kumsaidia. Kila mmoja alikuwa faili lililofungwa, kama lile nililorudi nalo kwenye gari. Yeye akakaa akayafungua moja moja kuuliza kwa nini.

Halafu Daktari akanieleza jambo lingine. Mwaka 1970, Michigan, Marekani, kulikuwa na mtawa wa miaka 69 mwenye saratani ya matiti iliyokuwa imesambaa mpaka maji yamejaa kuzunguka mapafu. Watafiti wa Detroit walichukua maji hayo, wakajaribu kuzikuza seli zilizokuwa ndani yake. Mtawa akafa mwaka huohuo. Seli zake hazikufa. Zinaitwa MCF-7, na mpaka leo zinaishi kwenye vichupa katika maabara za dunia nzima. Kuna dawa inaitwa tamoksifeni ambayo huenda mnaijua, kidonge cha kumezwa nyumbani, cha bei nafuu, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jinsi kidonge hicho kinavyoizuia homoni ya estrojeni isiilishe saratani, sehemu kubwa ilieleweka kwa kutazama seli za yule mtawa. Mtu ambaye kwetu angeambiwa hakuna rufaa nyingine.

Na tamoksifeni yenyewe ilianza vibaya. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake haikuzuia kitu, kinyume chake ilisaidia yai kutoka. Ilikuwa ya kutupwa. Baadaye wakaijaribu Manchester kwa wanawake ambao saratani yao ilikuwa imeshafika mbali, matokeo yakatolewa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza. Walioanza kuimeza ni wale waliosambaa. Baadaye sana ndipo ikapewa wengine mapema ili isisambae.

Nikarudi nyumbani nikifikiria kamati. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnazijua hizi kamati, na wengine mnakaa ndani yake. Huko Yordani, kati ya 2010 na 2012, kamati ya UNHCR iliyoshughulikia matibabu ya gharama ilipitia maombi 1,989 ya wakimbizi. Ya saratani yalikuwa 511, na ya matiti ilikuwa miongoni mwa zile zilizoongoza. Yaliyokubaliwa ni 246. Sababu kubwa ya kukataa mengine ni kwamba mgonjwa hakuwa na matumaini mazuri ya kupona. Zamani nilikuwa nawaona watu wa kamati kama mahakimu wasio na moyo. Sasa najua hesabu yao: fedha ni ile ile, ukimpa huyu asiyepona umemnyima yule anayepona. Mimi ningekaa pale pengine ningetia sahihi ileile.

Lakini "haponi" si neno la kamati. Kamati imelipokea tu. Limetoka mbali, limetoka kwenye mpaka wa kile ambacho binadamu wanakijua. Kwa mama mdogo uamuzi ulitolewa siku moja ofisini, ila uliandikwa miaka mingi kabla, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amejua kwa nini mbegu ile inaipenda mifupa. Mtu anayekwenda kukaa na panya na swali hilo amekwenda kukaa na faili la mama mdogo. Hakuna mwingine anayelishika. Mganga alilifunga kwa haki, kamati ingelifunga kwa haki, mimi nililifunga kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kama kila mtu mwema anabaki upande ambao bado kuna matumaini, upande ule mwingine anabaki nani?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kulegea. Haikuisha, kwa sababu yule msichana angenikata maneno hapa, na angekuwa na haki. Angesema: hata wakijua, dawa itafika lini kwetu? Kuna dawa inaitwa trastuzumabu, kwa aina fulani ya saratani ya matiti. Marekani waliiruhusu mwaka 1998 kwa wale ambao ugonjwa wao umesambaa. Ilikuja kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Miaka kumi na saba, na kuingia kwenye orodha si kuingia kwenye duka la dawa la kambi. Kwenye nchi tajiri mwanamke ambaye imesambaa hapewi vidonge vya maumivu akarudishwa nyumbani. Hawamponyeshi, lakini wengi wanaishi miaka, wanaona harusi, wanaona wajukuu. Kwa hiyo milango ni miwili. Mmoja umefungwa na ujinga, mwingine umefungwa na fedha, na Daktari anakwenda kusukuma mmoja tu. Sioni namna ya kulikwepa hilo. Sitaki kusema maabara itatuokoa. Nasema tu kwamba mlango wa pili hauna maana kuusukuma kama nyuma yake hakuna kitu, na mtu mmoja hawezi kudaiwa milango yote.

Kuna mwanamke ambaye kisa chake kilinisaidia zaidi ya hoja hizi. Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano Myahudi, alisomea udaktari Turin. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi zikamfukuza kazini. Akafanya maabara chumbani kwake, akichunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ndani ya mayai, kwa sindano za kushonea alizozinoa. Vita vikamkimbiza, akajificha Florence. Mji ulipokombolewa mwaka 1944 aliajiriwa kuwa daktari kwenye kambi ya wakimbizi wa vita. Nadhani hapo mmeshtuka kama nilivyoshtuka mimi. Homa za mlipuko ziliwaua watu wengi mle kambini, naye alikuwa pamoja nao. Vita vilipoisha mwaka 1945 hakuendelea na kazi ya kutibu. Alirudi Turin kwenye mishipa yake ya vifaranga, na mwaka 1947 akaenda Marekani. Huko aliona kwamba vipande vya uvimbe wa saratani ya panya vikiwekwa kwenye kiinitete cha kifaranga, mishipa ya fahamu inakimbilia kukua. Kutoka hapo akaipata protini inayokuza mishipa hiyo, na mwaka 1986 akapewa tuzo ya Nobel.

Mnaweza kusema: si unaona, alifanya vizuri kuondoka, alipata Nobel. Mimi sikubali. Mwaka 1945 hakuwa na Nobel. Alikuwa na mikono mitupu na watu waliokuwa wakihitaji daktari. Kama kuondoka kwake kulikuwa haki, kulikuwa haki siku ile ile, hata kama asingepata kitu. Na kama kulikuwa kosa, tuzo haikulifuta. Watafiti wengi hawapati kitu. Daktari wetu mwenyewe aliniambia huenda miaka yake yote itaishia kuonyesha kwamba njia fulani haipiti, ili mwingine asiipite. Alisema hivyo bila kujihurumia, kama fundi anayekwambia tofali hili halifai.

Kwa hiyo lazima haki yake itoke mahali pengine, isitoke kwenye matokeo. Nafikiri inatoka kwenye namna anavyoondoka. Kuna mtu anaondoka kambini kwa sababu hataki tena kutuona, na hao tunawajua, hata barua hawaandiki. Kuna mtu anaondoka akiwa amebeba swali alilolipata kwetu. Kwa macho wote wawili wanapanda gari moja.

Nilitaka pia kumlaumu kwa kuipenda kazi yake. Sisi huku tumezoea kwamba wema ni lazima uume. Mtu akifanya jambo jema huku anafurahi tunamtilia shaka. Lile sitalijadili sana. Mama mdogo alipenda kulima kuliko kitu chochote, na hakuna aliyesema kwa sababu anafurahi basi mihogo yake haishibishi.

Lipo jambo moja ambalo bado linanichoma, na si kosa la Daktari. Pale maabara kuna mzee wa zoni yetu, wengi mnamjua kwa kutengeneza baiskeli. Zamani upande wa Uvira alikuwa fundi wa maabara. Alivuka mwaka 1996. Miaka hii miwili alikuwa akimsaidia Daktari kwa ile posho ya mwezi tunayoita insentivu, na Daktari alisema mbele yetu kwamba jicho la yule mzee kwenye hadubini ni kali kuliko lake. Sasa tazama. Huko Uingereza kuna mfuko wenye jina la Daphne Jackson, mwanafizikia aliyekufa mwaka 1991. Tangu mwaka 1985 ufadhili aliouanzisha unawarudisha kazini watafiti waliosimama kwa ajili ya watoto, au kuuguza, au maradhi. Wanalipwa, wanapewa msimamizi, wanapewa muda wa kujifunza upya yaliyowapita. Nafasi ya Daktari ni ya namna hiyo. Ni jambo zuri kabisa. Linasema kwamba mtu akisimama njiani kwa sababu ya maisha, ujuzi wake haujafa, umelala, unaweza kuamshwa. Na mwaka 1933, Hitler alipowafukuza wasomi, watu wa London waliunda baraza la kuwatafutia kazi kwenye vyuo, na baraza hilo lipo mpaka leo.

Yule mzee amesimama tangu 1996. Cheti chake kililiwa na mchwa. Hakuna mfuko wa fundi wa maabara wa Uvira, na hakuna wa mwalimu wa baiolojia anayekaanga mandazi zoni ya jirani, wala wa muuguzi aliyezeeka akisubiri karatasi. Hao walihitaji tu mtu wa kuwauliza: ulikuwa unafanya nini, na tukurudisheje? Nyinyi wa mashirika mnaandika umri wetu na idadi ya watoto wetu kila mwaka. Hilo swali mmeliandika mara ngapi?

Nilimuuliza mzee kama hamwonei wivu. Alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa. "Wivu upo," alisema. "Lakini kama mtu amepata kurudi, arudi. Akibaki hapa kwa kunihurumia, tutakuwa wawili tusiofanya kazi yetu."

Gari lilikuja siku ya Alhamisi asubuhi. Nilimfuata Daktari kabla hajafunga mlango, nikamwambia kwamba Jumamosi ile nilimdanganya. Yule msichana hakukushukuru, nikasema. Alisema unatuacha sisi watu, unarudi kwa panya.

Akacheka mpaka akashika kioo cha gari. Akasema panya ni neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza hapa, kwa sababu ya stoo. "Nilijua hakuna panya kwenye kushukuru," alisema. Kisha akaacha kucheka akaniuliza kwa nini nilificha, na nikamweleza habari za mama mdogo, zote, kitambaa na mgongo na baraza, dereva akiwa anatazama saa.

Hakuniambia pole. Aliniuliza uvimbe ulionekana muda gani kabla ya mgongo kuuma, na kama mgongo ulianza juu au chini. Nikamjibu. Kisha akauliza jina lake, akatoa daftari akaliandika, akanionyesha kama ameandika sawa. Alikuwa amekosea herufi moja. Nikamsahihishia.